Tupeane uzoefu: dalali wa mahakama alipofika kwako kukamata mali kwa sababu ya deni, ni mali gani ilibaki?

Fundi wa Langalanga, Nakuru
Leo mchana nimeona gari la dalali likipakia viti vya jirani, nikakumbuka yaliyonipata baada ya mdai wangu wa vitambaa kushinda kesi. Dalali aliorodhesha kabati, televisheni na cherehani yangu, ambayo bado ilikuwa na sare ya shule iliyoshonwa nusu chini ya sindano. Wakili alinieleza kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya Kenya kinalinda vifaa anavyohitaji mtu kwa riziki yake, pamoja na nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia. Tulikwenda mahakamani ndani ya zile siku 7 za ilani ambazo dalali hutoa kabla ya kubeba mali, cherehani ikabaki. Wenzangu, ninyi mlibakishiwa nini?

Mkulima wa Kiminini
Kifungu hicho hicho kinamwachia mkulima mifugo ya thamani ya shilingi 10,000 za kwanza na zana za shilingi 5,000. Nani atapata ng'ombe wa maziwa kwa 10,000 siku hizi? Wabunge wanapaswa kuvipandisha viwango hivyo, kwa sababu jinsi vilivyo sasa havimlindi mkulima yeyote.

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Ninyi mliletewa ilani, mshukuru Mungu. Mimi nilikuwa mdhamini tu wa mwenzangu katika kikundi cha mikopo. Alipotoroka na mkopo, walikuja vijana wanne pamoja na ofisa wa kampuni, bila karatasi ya mahakama. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika friji na sofa. Walivichukua, kisha wakabeba godoro la watoto, na mmoja akaliinua sufuria la maharagwe lililokuwa jikoni, akayamwaga mlangoni, akaondoka nalo likiwa bado linafuka mvuke. Kifungua mimba wangu alikuwa anasomea mtihani, akabaki amesimama na kitabu mkononi. Wanachama wa kikundi chetu, ambao tulikuwa tunazikana na kuchangiana, walikuwa pale pale wanawaonyesha kilipo kila kitu. Sijasalimiana nao hadi leo.

Fundi wa Langalanga, Nakuru
Pole sana, mama. Je, ulipiga ripoti polisi?

Mfanyabiashara wa Kibuye
Pole, lakini anayedai naye ana watoto. Nimewakopesha watu samaki kwa mali kauli, na wote sasa wanajificha nyuma ya sheria. Deni ni deni.

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Ndugu yangu, sikukataa deni. Godoro halikuwamo kwenye fomu.

Karani Mstaafu, Kakamega
Mama anasema kweli, na mzozo huu haufai. Kitu ulichokiweka dhamana mwenyewe unaweza kukipoteza hata ukitangazwa muflisi, kwa kuwa mdai mwenye dhamana hulindwa. Ila kisichowekwa dhamana hakichukuliwi bila amri ya mahakama. Kuhusu kufilisika kwenyewe, Sheria ya Ufilisi ya 2015 humruhusu muflisi kubaki na vifaa vya lazima vya kazi yake, na samani na mavazi ya lazima kwa ajili yake na wanaomtegemea, mradi thamani isizidi kiwango kilichowekwa na kanuni. Shamba lake huingia mikononi mwa mfilisi, yaani msimamizi wa mali za muflisi. Kwa kawaida muflisi huachiliwa baada ya miaka 3 tangu awasilishe taarifa ya hali yake ya kifedha. Asiye na mali ya kuuzwa, na ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, ana utaratibu wake mwepesi zaidi wa miezi 12, ambao watu wengi hawajausikia.

Bodaboda wa Mumias
Mimi nasema andikisha pikipiki kwa jina la shemeji kabla hujapeleka ombi la kutangazwa muflisi.

Karani Mstaafu, Kakamega
Usithubutu, kijana. Kuficha mali ni kosa la jinai, na mfilisi anaweza kuiomba mahakama ibatilishe uhamisho huo. Shemeji naye ataingizwa kwenye kesi. Iorodheshe, kisha ueleze kwamba ndiyo kazi yako.

Mkulima wa Kiminini
Afadhali kuzungumza na mdai mapema mkubaliane malipo ya kila msimu wa mahindi. Mahakama ni gharama.

Mwalimu wa Bungoma
Sikubali kwamba mazungumzo yanatosha. Mume wangu alidaiwa, dalali akaandika friji na mashine yangu ya kusaga karanga. Niliwasilisha pingamizi mahakamani kama mwenye mali, nikaambatisha risiti zenye jina langu, na vyote viwili vilirudi kwangu. Viti, ambavyo havikuwa na risiti, vilipigwa mnada. Vilevile, kina mama, nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 2012, hivyo msitie sahihi karatasi ambayo hamjaisoma.

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Risiti ya godoro ninayo, na kesho naipeleka kwa wakili pamoja na nakala ya ile fomu.