Naomba ushauri: jina la bidhaa kwa Kiingereza, niweke "the" au niache?

Mtafsiri_Mpya: Habari zenu wakuu. Natafsiri mwongozo wa simu kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mhariri amenirudishia kazi imejaa wino mwekundu. Nilipoandika "Turn on iPhone" ameongeza "the". Ukurasa wa pili nikaandika "Turn on the Bluetooth", hiyo "the" akaikata. Kanuni ni ipi hasa?

Kalamu7: Mkuu, mhariri wako yuko sahihi kote. iPhone ni kifaa, unaweza kuhesabu moja, mbili, tatu. Ikishajulikana ni ipi, inachukua "the". Bluetooth, WhatsApp na Photoshop hazihesabiki, zinasimama zenyewe. Ukiona "the WhatsApp icon" usishtuke, hiyo "the" ni ya icon.

Mzee_wa_Kamusi: Naongezea. Apple wenyewe hupenda kuandika iPhone bila "the", kama jina la mtu. Mwaka 2016 Phil Schiller, aliyekuwa mkuu wao wa masoko, alisema hata wingi hauhitajiki kwenye majina ya bidhaa zao. Huo ni mtindo wa nyumbani kwao, sarufi haikulazimishi kuufuata.

Wakili_K: Upande wa sheria, wenye alama za biashara hutaka jina lifuatwe na nomino ya kawaida: "the iPhone device". Hofu yao ni jina kugeuka kuwa la kila bidhaa ya aina hiyo. "Escalator", yaani ngazi ya umeme, ilikuwa alama ya Otis, kampuni ya lifti. Mwaka 1950 ikafutwa Marekani, na matangazo ya Otis wenyewe yaliyoitumia kama neno la kawaida yalichangia. Kwa hiyo kinachoua alama ni jina kutumika kama neno la kawaida, si "the" peke yake.

Mtafsiri_Mpya: Asanteni sana. Shida yangu ni kwamba Kiswahili hakina "the", sijui niishike wapi.

Mzee_wa_Kamusi: Neno hatuna, ila maana tunayo! Linganisha "nimenunua iPhone" na "nimeinunua iPhone". Ya pili, mimi na wewe tunajua ni ipi. Hiyo -i- mara nyingi ndiyo "the" yako. Pitia matini ya Kiswahili ukizitafuta, kisha pima kwa kigezo cha Kalamu7, maana "iwashe Bluetooth" nayo ina -i- na bado haichukui "the".

Mtafsiri_Mpya: Nimejaribu ukurasa wa kwanza sasa hivi. "Izime simu, kisha chomeka chaja": the ya simu nimeiona. Ya chaja je, mbona haina kiambishi?

Kalamu7: Chaja ni ile ya simu hiyo hiyo, msomaji anaijua. Weka "the".