GR20, GR221 au pwani ya Krete: mngeenda wapi na rafiki mwenye goti bovu?

MwanaTanga
Wakuu, salaam. Mimi na rafiki yangu tangu sekondari tunataka kutembea kwa miguu siku kadhaa mfululizo mwezi wa Septemba, kwenye kisiwa cha Mediterania. Mimi niko Stuttgart, milima nimeizoea. Yeye yuko Manchester, ana pumzi ya kutosha, ila goti humsumbua akiteremka. Tunabishana kati ya njia mbili ndefu za miguu, GR20 ya Korsika na GR221 ya Mallorca, na pwani ya kusini ya Krete. Naombeni ushauri.

Mpandaji_Moshi
Mkuu, GR20 naipenda kuliko zote, lakini si ya goti hilo. Ni kilomita zipatazo 180, Calenzana hadi Conca, vipande 16 vya siku moja moja. Mtu asijidanganye kwamba kwa kuwa alifika Uhuru basi Korsika ni mchezo. Kilimanjaro shida ni hewa, na mizigo wanabeba wagumu, yaani wapagazi. Korsika unabeba mwenyewe, na upande wa kaskazini kuna mahali unashika mwamba kwa mikono. Tangu maporomoko ya 2015 yaliyoua watu kwenye Cirque de la Solitude, bonde la miamba mikali, njia imehamishiwa ubavuni mwa mlima Monte Cinto, inapita kwenye kimo cha mita 2,600. Mkiing'ang'ania, chukueni nusu ya kusini: treni ya Ajaccio na Bastia inasimama Vizzavona, mnaanzia hapo. Hema mnapiga kando ya vibanda vya hifadhi tu, na nafasi huwekwa mapema. Ondokeni alfajiri, maana radi hupiga alasiri.

Bi_Zuhura
Mimi nasema Mallorca. Serra de Tramuntana, milima ambamo GR221 inapita, imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011, na ukiona zile kuta na matuta ya mawe yaliyopangwa bila saruji utaelewa kwa nini. Mnalala kitandani kwenye vibanda kama Muleta na Tossals Verds, kwa hiyo hema mnaliacha nyumbani, na mzigo mwepesi ndio dawa ya kwanza ya goti. Jambo moja tu: bonde la Biniaraix, juu ya Sóller, ni ngazi za mawe zisizoisha. Tembeeni kutoka magharibi kuelekea Pollença, mtazipanda badala ya kuziteremka.

Kaskazi77
Bi Zuhura, shikamoo. Nakubali kuhusu mzigo, lakini kwangu swali kubwa ni hili: goti likigoma katikati ya njia, mnatokaje? Krete jibu lipo baharini. Vijiji vya Agia Roumeli na Loutro havina barabara ya gari, lakini boti hupita. Sougia hadi Agia Roumeli kwa miguu ni kipande kirefu, kigumu, maji hakuna, hicho pandeni boti. Kisha tembeeni hadi Loutro, mkipita kanisa dogo la Agios Pavlos ufukweni, na kesho yake hadi Chora Sfakion. Katikati kuna ufukwe wa Glyka Nera, ambako maji matamu yanachuruzika chini ya kokoto hatua chache tu kutoka baharini. Korongo la Samaria liacheni: kilomita 16, karibu zote mteremko kutoka mita 1,200 na zaidi. Upepo ukichafuka boti hazitoki, wekeni siku ya akiba.

Bi_Zuhura
Marahaba. Hoja ya boti nakupa. MwanaTanga, rafiki yako ana pasipoti gani?

MwanaTanga
Ya Tanzania, na kibali cha kuishi Uingereza.

Bi_Zuhura
Kibali hicho hakimwingizi Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Wewe chako cha Ujerumani kinatosha, yeye aombe viza kwa nchi mnayokwenda: Ugiriki, Hispania au Ufaransa. Kwa hiyo chagueni kwanza, na aanze kutafuta miadi sasa.

MwanaTanga
Nimeongea naye. Krete. Kaskazi77, maji tubebe kiasi gani kutoka Agia Roumeli hadi Loutro?

Kaskazi77
Lita tatu kila mtu, na mwondoke kabla jua halijapanda. Septemba bado kunachoma.