Dawa za presha zitolewe bure kama ARV? Tujadili

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila mtu akianguka kwa kiharusi mtaani, msibani utasikia yale yale: alipenda nyama choma, alikuwa na kitambi. Mimi nasema umaskini unaua kuliko nyama choma, na dawa za presha zitolewe bure kama ARV na dawa za TB.

Tazameni utafiti wa Whitehall, Uingereza. Kuanzia 1967 watafiti waliwafuatilia watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000 huko London. Wote wana ajira, wote wanatibiwa bure. Bado matarishi wa ngazi ya chini walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara 3.6 ya wakubwa wao. Walipozingatia sigara, presha na lehemu (kolesteroli), pengo lilipungua tu, halikuisha. Utafiti wa pili, ulioanza 1985 chini ya Michael Marmot, ukaonyesha jambo jingine: kazi ambayo huna usemi ndani yake inachosha moyo. Sasa mfikirie dereva wa daladala anayedaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, abiria wawepo wasiwepo.

Mjukuu wa Machame

Mkuu, ya London yaache London. Hapa kwetu kiharusi kilihesabiwa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar kati ya 2003 na 2006. Ukisawazisha umri, Dar walipata wagonjwa wapya kama 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai 109. Pesa iko wapi, Dar au Hai? Huku tunalima, tunapanda milima kwa miguu. Nyie chipsi na bodaboda hadi dukani. Mtu mzima ajichunge mdomo wake.

Mleta mada

Hizo takwimu nazikubali. Ila Dar si Masaki ya matajiri peke yake. Anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi usiku atapika mchicha saa ngapi? Chipsi ndicho chakula kinachoendana na ratiba yake.

Muuza dawa

Mnabishana juu ya chakula, mimi nawaona dirishani. Mtu anaandikiwa dawa za mwezi, ananunua za siku tatu. Kichwa kikiacha kuuma, harudi. Presha haiumi, kwa hiyo shilingi inakwenda kwanza kwenye ada na unga. Msamaha wa matibabu upo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, lakini wengi ninaoona wamepooza hawajafika huko.

Ila bure peke yake sikubaliani nayo. ARV zilishika kwa sababu kuna kliniki, kadi, na mtu wa kukutafuta usipotokea. Mwenye presha akipotea, nani anamtafuta? Leteni hilo kwanza.

Mpiga hesabu

Na ARV kwa sehemu kubwa zimelipiwa na wafadhili. Presha atalipia nani? Msiseme serikali kama vile ina mti wa noti.

Mleta mada

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023. Vidonge vya kawaida vya presha ni vya bei ya chini. Kumlaza aliyepooza na kumwachisha binti yake kazi ili amuuguze ndiyo gharama. Muuza dawa, hoja ya kliniki naichukua. Niambie: zahanati ya kata yenye muuguzi mmoja itaanzaje?