Makutano au Kasapa? (faili imerudishwa)

Kutoka: Mama Neema

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Leo hapa Lubumbashi, Kongo, dirishani wamenirudishia dossier (faili) ya visa d'établissement, kibali cha mgeni kukaa nchini. Contrat de bail (mkataba wa kupanga) inasema mtaa wa Makutano, komini (manispaa) Lubumbashi. Attestation de résidence (hati ya makazi) ni ya kartie (mtaa) Kasapa, komini Annexe. Tunahama mwisho wa mwezi, na mwenye lupango (kiwanja) wa Kasapa ndiye aliyeniharakisha nitangulize attestation. Swali langu: nikishasaini contrat mpya, inatosha, au kule Makutano lazima kwanza nipewe karatasi ya kuondoka?

Na kama mnaona Kasapa haifai, semeni kabla sijalipa garanti (amana ya nyumba). Watoto watatu, gari moja, kazi ya baba yao iko mjini kati.

---

Kutoka: Baba Zawadi

Mama Neema, marahaba. Garanti isitoke mfukoni kwanza.

Sheria ya kupanga nyumba za kuishi ni namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Garanti ya nyumba ya kuishi haizidi kodi ya miezi 3. Kodi ikiwa dola 500, mwisho ni 1,500. Contrat iwe ya maandishi na ipite service de l'Habitat (ofisi ya nyumba) ya komini ilipo nyumba. Kwako ni Annexe, si Lubumbashi, hata kama dereva wa teksi anaita mtaa huo "Golf". Annexe inauzunguka mji wote, na mipaka yake haifuati majina tunayoyatumia barabarani.

Kabla ya kusaini, mwombe mwenye lupango akuonyeshe karatasi ya kiwanja. Ukiona certificat d'enregistrement (hati miliki), vizuri. Ukiona fiche parcellaire (kadi ya kiwanja) peke yake, nenda kwa chef de quartier (mkuu wa mtaa) uulize jina lililoandikwa pale ni la nani. Pembeni ya mji kiwanja kimoja huweza kuwa na wenye wawili, na wote wawili watakuja kudai kodi. Halafu dai risiti za mwisho za SNEL (umeme) na REGIDESO (maji). Deni lake halimfuati aliyehama. Linabaki na nyumba, na siku ya kukata waya atakayekaa gizani ni wewe.

État des lieux (hali ya nyumba unapoingia) iandikwe chumba kwa chumba, picha zipigwe, namba ya mita na tarakimu zake zinakiliwe. Komisyonari (dalali) anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa desturi. Mpe ukishashika funguo, si siku ya kuonyeshwa nyumba.

---

Kutoka: Kaka wa Kisauni

> Garanti ya nyumba ya kuishi haizidi kodi ya miezi 3

Baba Zawadi, hiyo ni karatasi. Mwambie mwenye nyumba wa Makutano maneno hayo uone kama geti litafunguliwa mara ya pili. Wanaomba 6, na mpangaji mwingine yuko nje anasubiri na bahasha.

Mama Neema, baki mjini. Mvua ikianza Novemba mpaka Machi, barabara za udongo huko nje ni tope tupu. Gari moja, watoto watatu, fanya hesabu.

---

Kutoka: Baba Zawadi

Sikusema hawaombi. Nimesema sheria inasema nini. Ukilazimika kutoa 6, iandikwe "garantie" mwezi kwa mwezi kwenye contrat na kwenye risiti. Pesa isiyoandikwa ndiyo isiyorudi. Na mkikosana, shauri linaanzia kwa Habitat kupatanishwa kabla ya mahakama. Pale utaulizwa karatasi, si maelezo.

---

Kutoka: Fundi wa Kampemba

Jamani, nyumba inachaguliwa kwa umeme na maji. Mengine yanazoeleka.

Umeme. Watu wanafikiri mjini uko na pembeni haupo. Si hivyo. Tazama cabine (transfoma) inayolisha mtaa na umbali wake. Nyumba ya mwisho kwenye laini ndefu itapata volti 150 saa moja jioni, wakati jirani wa cabine ana 215. Nenda na mita ya volti saa hiyo hiyo ya jioni, si saa nne asubuhi anapokupeleka komisyonari. Chini ya 180, kompresa ya friji inaungua taratibu. Stabilaiza ya 5 kVA inasaidia, lakini ikibidi inyanyue kutoka 140 inavuta ampea nyingi na kuzidi kuizamisha laini ya majirani.

Sola, kwa familia kama ya Mama Neema: friji kama 1.2 kWh kwa siku, taa 10 za wati 9 kwa saa 5 ni 0.45, televisheni 0.4, ruta 0.3. Jumla 2.35. Betri moja ya lithiamu ya volti 48, Ah 100, ina karibu 5 kWh. Ukitumia asilimia 80 unabaki na 4. Usiku mzima unapita na asubuhi ya mawingu pia. Paneli 4 za wati 400. Paneli 2 zinatosha Julai, Januari zitakuaibisha.

Pasi, jiko na hita ya maji visiguse inverta.

---

Kutoka: Mwalimu

Naongeza maji, maana Fundi ameyataja akayaacha njiani.

Pembeni utakuta forage (kisima cha mashine) au kisima cha kuchimba kwa mkono. Uliza shimo la choo liko wapi. Kanuni ni mita 30 kati ya choo na kisima. Sasa kwenye lupango la mita 20 kwa 25, ulalo wa kona kwa kona ni mita 32 tu. Maana yake hata mwenye nyumba akipanga vizuri, fosse (shimo la choo) ya jirani iko nyuma ya ukuta. Panda ukutani uchungulie. Kisima kifupi mahali hapo, maji ni ya kufua. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hasa mvua zinapoanza.

Tangi: watu 5 kwa lita 80 ni lita 400 kwa siku. Tangi la 2,000 ni siku 5. Likikaa mita 6 juu ya bomba, presha ni 0.6 bar. Bafu litatiririka, lakini hita nyingi za papo kwa papo hazitawaka kwa presha hiyo. Usinunue kabla ya kusoma kibandiko chake.

Na jambo ambalo komisyonari hatalitaja: udongo. Upepo wa kiangazi hapa unatoka kusini-mashariki, na moshi wa kiwanda cha Gécamines (kampuni ya madini ya serikali) ulilalia upande wa kaskazini-magharibi kwa miaka mingi. Penga Penga ndipo watafiti walipopima udongo ukiwa umejaa shaba, risasi na kadimiamu, hata majani yanagoma kuota. Nyumba za njia hiyo zina kodi nafuu na bustani kubwa. Kaa ukipenda, ila usipande lengalenga (mchicha) wala sombe (kisamvu) ardhini. Leta udongo wa mbali uweke kwenye matuta yaliyoinuliwa. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi, maana ufagio unalirusha vumbi.

---

Kutoka: Yaya Lushois

Mwalimu kasema kweli, na uchafu huo wameuacha waliochimba wakaondoka. Umeme hivyo hivyo. Laini ya Inga (bwawa la umeme la mto Kongo) inakuja Kolwezi, kilomita 1,700, tangu 1982, inapita juu ya vijiji visivyo na balbu ili migodi ipate nguvu. Sisi wa mtaa wa Luwowoshi tunawasha makala (mkaa).

---

Kutoka: Fundi wa Kampemba

Yaya, kwa heshima, usiitupie Inga kila kitu. Katanga ina Nseke na Nzilo kwenye Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye Lufira. Giza la Luwowoshi ni cabine iliyowekwa kwa nyumba chache ambayo leo inalisha mtaa mzima, na nusu yake wameunga waya bila mita. Fyuzi ikiungua, wanachangishana kuinunua, na wa kwanza kukataa kuchanga ni wale wasio na mita.

---

Kutoka: Kaka wa Kisauni

Siasa hizo. Mimi kinachonichosha ni unga. Zambia wakifunga mpaka, bukari (ugali) linapanda bei Lubumbashi nzima siku hiyo hiyo. Anayekaa pembeni ana nafasi ya kuweka magunia ya mahindi na kinu hakiko mbali. Mwenye fleti ya mjini anayaweka wapi? Hapo nakubali, Kasapa inashinda. Ila mahindi yaanikwe mpaka yalie ukiyamwaga, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, la sivyo fukusi watakula kabla yenu.

Dagaa ndiyo msiniulize. Hawa wa Kalemie wanafika, lakini nani humu anajua kuwakaanga kwa ndimu na pilipili mbuzi?

---

Kutoka: Mama Neema

Asanteni sana nyote, nimeandika kila kitu. Lakini karatasi ya kuondoka Makutano: inahitajika au haihitajiki?

---

Kutoka: Yaya Lushois

Mama, hiyo inategemea chef de quartier. Nenda na picha mbili na photocopie ya paspoti.

---

Kutoka: Baba Zawadi

Haitegemei chef. Picha ni nne.

---

Kutoka: Kaka wa Kisauni

Fundi, kabla hamjaanza hesabu za picha: inverta ya 3 kVA inaweza kuendesha pampu ya forage ya nguvu ya farasi mmoja? Ya jirani inazima kila ikiwashwa.

---

Kutoka: Fundi wa Kampemba

Pampu hiyo ni wati 750 ikishazunguka. Inapoanza inavuta mara 4 au 5, kama wati 3,500, kwa nukta chache, na inverta inajilinda kwa kuzima. Aweke soft start, au inverta ya 5 kVA. Rahisi zaidi ni pampu ya sola yenye paneli zake pekee, ijaze tangi saa tatu asubuhi hadi saa tisa, na boya la kuizimisha tangi likijaa. Waya wa kushuka kisimani usipungue milimita za mraba 4 kama kina kinapita mita 50. Mwembamba unapoteza volti njiani, na mota itaungua huko chini mahali ambapo kuitoa ni gharama kuliko kuinunua.