Nakaa kibandani kutwa nzima, sukari inapanda kila nikila mchana

WakalaKirumba:
Habari wakuu, mimi ni wakala wa pesa hapa Kirumba, nafungua saa 1 asubuhi nafunga saa 3 usiku na muda wote huo niko kwenye stuli. Nina kisukari aina ya 2, mwaka wa tatu sasa, dawa nameza vizuri. Asubuhi kabla sijala sukari kwenye mashine inasoma 7 kwenda 8 (mmol/L), ila nikishakula ugali wa muhogo na sato nikapima baada ya masaa 2 nakuta 13. Naambiwa nitembee, sasa natembeaje na hela za watu ziko kwenye droo? Kuna anayefanya mazoezi hapohapo kazini?

FundiIgoma:
Pole sana ndugu. Mi fundi cherehani, tangu nifunge mota hata miguu sikanyagi tena. Nimetegesha simu inalia kila nusu saa, ikilia naacha hata kola ikiwa nusu, nashika meza, nainua visigino mpaka vigimbi vinawaka, halafu nachuchumaa nusu yani kama unataka kukaa kwenye kigoda unaghairi, namalizia kwa kuinua magoti. Dakika 3 tu, hutoki hata mlangoni. Nilikuwa nacheza kwenye 12, siku hizi baada ya kula napata 9, 10.

NesiNyegezi:
Fundi yuko sahihi kabisa. Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu bila hata kusubiri insulini, ndo maana muda mzuri ni ule baada ya chakula. Australia waliwapima watu 24 wenye aina ya 2, utafiti ukatoka 2016, dakika 3 kila nusu saa, kutembea polepole au hayohayo ya fundi, na sukari ya baada ya kula ilishuka kuliko siku waliyokaa tu. Ila dawa usiache wakuu, nawaomba. Na anayechoma insulini awe na glukosi karibu, akianza kutetemeka na jasho asiendelee. Kama miguu ina ganzi vaa viatu, usifanye peku. Halafu hilo donge la ugali lipunguze, mboga iwe nyingi.

WakalaKirumba:
Asanteni sana. Leo nimefanya kuanzia saa 7 mpaka saa 9, mteja mmoja kasubiri nimalize visigino ndo nikamtolea hela yake, nimepima 11.2. Fundi, magoti unainua mangapi kila mguu?