Mkuu wa usalama wa mifumo: tumpime kwa shahada au kwa kazi?

Wadau, jana barazani Ngamiani tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Chama chetu cha akiba na mikopo kinatafuta mkuu wa usalama wa mifumo, na mzee mmoja wa bodi kakaza: asiye na shahada ya kompyuta asiitwe hata kwenye usaili. Mfano wake ni Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo. Mwaka 2017 ilidukuliwa, zikaibwa taarifa za watu wapatao milioni 147, ikaja kujulikana kwamba mkuu wao wa usalama alisomea muziki. "Mnaona?" akasema mzee.

Kwa heshima zote, mzee wangu, mimi sioni hivyo. Wadukuzi walipitia tundu, yaani kasoro ya usalama, la Apache Struts, programu ya kuundia tovuti. Kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, kilitolewa Machi. Agizo likazunguka ndani ya kampuni: kiwekwe ndani ya saa 48. Mfumo mmoja ukasahaulika. Wadukuzi wakaingia Mei, wakachota mpaka mwisho wa Julai. Kifaa cha kukagua mawasiliano nacho kilikuwa kipofu, maana cheti chake cha kidijitali, kinachokiwezesha kusoma mawasiliano yaliyofumbwa, kiliisha muda miezi mingi nyuma. Kilipowekwa kipya ndipo wizi ukaonekana. Hawakuwa hata na orodha kamili ya mitambo yao. Shahada gani ingeziba hayo, kama hakuna anayerudi kuhakikisha?

Nimeshafanya kazi chini ya meneja mwenye shahada mbili. Nywila ya mfumo wa malipo ilikuwa kwenye kikaratasi, imebandikwa kwa selotepu pembeni mwa skrini, mfagizi anaiona kila asubuhi. Aliyekibandua ni kijana wa ufundi aliyeishia kidato cha nne. Alikaa akabadilisha nywila za akaunti moja baada ya nyingine mpaka adhana ya magharibi.

Sisemi shule haina maana. Mkuu ataandika ripoti, ataisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kuielewa, atasimama mbele ya bodi kuikatalia. Shahada impe alama za ziada, isiwe kufuli la mlangoni.

Mimi ningemuuliza hivi: tundu likitangazwa leo asubuhi, utajuaje ni mashine zetu zipi zinalo, na nani atahakikisha limezibwa? Bodi inakaa Jumamosi. Anayemuunga mkono mzee alete hoja, na mwenye swali kali kuliko langu aliandike, nitalipeleka.