Marafiki wanne Muscat, kila mtu na lake: Ijumaa tuifanyeje, na tule wapi?

Fundi_Ratiba:
Habari za humu wakuu. Desemba tunakwenda Muscat, Oman, marafiki wanne kutoka Dar. Tunatua Alhamisi usiku, tunaondoka Jumatatu jioni. Shida si hela, shida ni sisi wenyewe. Mmoja anataka madukani tu, mmoja milima na maji, wa tatu safari kwake ni chakula, na ratiba nimeangushiwa mimi. Kinachonitatiza zaidi ni Ijumaa, maana wikiendi ya huko ni Ijumaa na Jumamosi. Siku hiyo tulale tu hotelini? Na tule wapi tusiishie kwenye kuku wa kukaanga kama wa hapa Mlimani City? Wawili kati yetu si Waislamu, kama hilo linabadili chochote.

Bint_Mkunazini:
Karibuni sana. Mie ni wa Unguja, naishi huku. Ijumaa msilale! Asubuhi yake ndiyo mnada wa mbuzi Nizwa, mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka Muscat. Wanunuzi wanajipanga duara, wauzaji wanazunguka katikati wakiburura mbuzi na kunadi bei kwa sauti. Mtu akivutiwa anamsimamisha, anambinya mgongo, anamfunua mdomo kutazama meno, wanapatana hapo hapo. Wazee na kanzu zao na bakora, wala hawana habari na kamera zenu. Muwe mmefika saa moja asubuhi. Ikigonga saa tatu mtakuta vumbi na kamba. Ngome ipo hatua chache tu, mnara wake mnene ni wa karne ya 17, na ukiwa juu unaona mitende imeenea mpaka chini ya milima.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos uwekeni Jumamosi au Jumapili. Wasio Waislamu wanaingia Jumamosi hadi Alhamisi, saa mbili mpaka saa tano asubuhi. Ijumaa hawaingii. Wanawake wafunike nywele, mikono mpaka viganjani na miguu mpaka vifundoni.

Dereva_Mstaafu:
Dada kasema vizuri, ila mnatua usiku halafu mtu ashike usukani alfajiri? Huko wanaendesha kulia, sisi tumezoea kushoto. Kwenye barabara iliyonyooka utaona rahisi, ukifika kwenye mzunguko giza halijaondoka ndipo utajua hujui. Ijumaa kodini gari lenye dereva, gari la kujiendesha lichukueni Jumamosi. Na kamera za mwendokasi ziko kila mahali, msichezee ule mwisho wa kilomita 120 kwa saa. Huyo wa milima mwambieni mapema: Jebel Akhdar polisi wameweka kizuizi cha barabarani chini ya mlima, kama gari si 4x4 mnageuzwa.

Fundi_Ratiba:
Ahsanteni. Huyo wa milima kanuna tayari, nimemsomea.

Bint_Mkunazini:
Mpelekeni Wadi Shab, barabara ya kwenda Sur, gari dogo linafika. Mnavushwa kwa mashua, halafu mnatembea korongoni dakika arobaini hivi, mawe matupu, kwa hiyo viatu si ndala. Mwisho ni madimbwi ya maji ya kijani. Anayejua kuogelea anapenya mwanya mwembamba wa mwamba mpaka pangoni penye maporomoko. Ogeleeni na fulana na suruali, kijijini watu wanapita na watoto wao.

Mla_Mishkaki_Msa:
Mmeruka chakula jamani! Jioni tafuteni wachoma mishkaki wa kando ya barabara. Jina lile lile mnalolijua, na moshi ule ule. Shuwa ndiyo msiikose: nyama inapakwa viungo, inafungwa majani, inafukiwa kwenye tanuri la ardhini usiku kucha au zaidi. Majumbani ni chakula cha Idi, ila migahawa ya Kiomani inaiuza siku za kawaida. Ombeni chumba cha mkekani, sinia moja ya wali katikati, mle kwa mkono. Watu wanne mkiagiza sinia nne mtaaibika, agizeni mbili kwanza.

Bint_Mkunazini:
Kweli kabisa. Na wa madukani mpeni soko la Mutrah, jioni, maana mchana wanafunga. Bei ya kwanza ya shali isimtishe wala asiikubali. Ila rial moja ni kama dola mbili na senti sitini, basi asije akaona "tano tu" akadhani kapata.

Fundi_Ratiba:
Nimewaelewa. Ijumaa Nizwa na dereva, Jumamosi asubuhi msikitini na jioni Mutrah, Jumapili Wadi Shab, Jumatatu kila mtu ajijue mpaka saa ya uwanja wa ndege. Shuwa tutakula Ijumaa tukirudi Muscat. Mgahawa wa mkekani unahitaji kuagiza mapema, au tunaingia tu?

Bint_Mkunazini:
Ijumaa pigeni simu kabla. Familia nzima nzima zinatoka kula siku hiyo.